Mnong'ono Nyuma ya Nira

Mtu akiniambia wagonjwa wa akili hawawezi kazi, nawaka. Kaka yangu aliweza! Hospitalini walisema ana skizofrenia, wakampa sindano ya kila mwezi. Pale kijijini kwetu Masakta walimwita kichaa, basi. Miaka minne hakuna aliyemtaka, mpaka mzee mmoja mwenye maksai alipomchukua amwongozee ng'ombe wa kulimia.

Trekta la ushirika lilikuwa limeshakufa, na Mkoa wa Manyara ndio kwanza umezaliwa. Mwenye maksai alikuwa mfalme. Mzee huyo aligundua jambo: kaka alisikia sauti kichwani na kuzijibu kutwa nzima, chini chini, na maksai wakorofi wakisikia mnong'ono ule walitulia, wakaenda mstari mmoja. Mzee akasema, "Huyu simwachi." Jamani, siku kaka alipoleta nyumbani debe lake la kwanza la mahindi, mama alilia.

Msimu uleule tukaenda kulima shamba la jirani. Mzee ameshika plau, kaka yuko ubavuni mwa ng'ombe, mimi nadondosha mbegu nyuma. Jirani akaja kusikiliza. Kwetu laana inaogopwa kuliko radi, na mtu anayenong'ona huku anatazama udongo siku ya kupanda, watu hawamwelewi vingine.

"Unalaani mbegu zangu, mshenzi wewe?"

Kaka hakumjibu, alikuwa anaongea na sauti zake. Jirani akamtandika fimbo ya kichwa.

Damu ikamwingia machoni. Kaka hakuinua hata mkono. Alikaa chini palepale, akaendelea kunong'ona, na yule bwana akazidi kumshushia: mgongoni, mbavuni, mdomoni. Maksai walitimka na plau, mzee akawakimbilia hadi bondeni. Nilipiga kelele aache. Hakuacha. Nikachukua mti wa akiba wa nira, nikampiga mkono wa fimbo, nikausikia unavunjika. Akaanguka, nikampiga tena. Sitadanganya, niliona raha.

Kesho yake wazee wakaitisha kikao. Jirani alikuja na mkono umefungwa shingoni, nikajua yamenikuta. Kumbe aliona aibu kusema kapigwa na msichana!

"Ni huyu kichaa," akasema.

Nilitaka kusimama. Mama akanifinya paja hadi nikauma meno. "Nyamaza," akaninong'oneza. "Wewe unakuja kuposwa. Yeye jina lilishaharibika, na kazi atapata nyingine."

Mwenyekiti akamgeukia kaka, ambaye uso ulikuwa bado umevimba. "Ni wewe uliyemvunja?"

Kaka, ambaye siku nyingine ungemwita mara tano asikusikie, alinitazama vizuri kabisa. "Ndiyo, mzee. Ni mimi."

 Mwenye maksai alikuwa bondeni, hakuona kitu. Akasema, "Mwanangu, maneno yako niliyavumilia. Mikono siwezi. Watu hawataniita tena mashambani mwao."

Nikanyamaza. Mungu anisamehe, nilikaa pale nikanyamaza.

Kaka alizunguka Hanang, akapanda mpaka Mbulu, hadi kijiji cha Daudi, kuomba vibarua. Kila alikofika habari ilikuwa imemtangulia: huyu ndiye aliyevunja mtu mkono. Hakuajiriwa tena mpaka tunamzika. Mimi niliolewa baada ya mavuno.