Choo cha Mkaza Mwana

Mapenzi aliolewa Kakuyuni, kwa Mzee Baya, na tangu aolewe hakuwahi kumtazama mkwewe usoni. Si chuki, ndiyo heshima yetu. Akimwona anakuja, humpisha njia. Chakula humtengea mlangoni, kisha huyo, keshaondoka. Mumewe, Ngala, alikuwa kibarua wa chumvi huko Marereni, na mama mkwe alikwisha kufa. Basi nyumbani walibaki wao wawili, kila mmoja akimkwepa mwenziwe kwa adabu.

Mwaka ule wa kipindupindu serikali ikaja kututia adabu. Kila nyumba ichimbe choo. Asiye nacho atakiona cha mtema kuni. Usafi nani aukatae? Lakini hao wakubwa hawakuuliza jambo dogo tu: mtu na mkaza mwanawe watachuchumaa vipi juu ya shimo moja? Kwetu hilo hata kulitaja ni aibu. Na Mzee Baya, kwa umri wake, alikuwa na nguvu za shimo moja tu. Akalichimba, akalijengea kibanda cha makuti, kisha wote wawili wakaendelea kwenda kichakani, kila mtu na upande wake. Tukajiona werevu: serikali imetiiwa na heshima haikuvunjwa.

Bwana afya, Ndirangu, alikuja na askari wa chifu. Akafunua kifuniko, akachungulia.

"Mzee, hii choo haina hata nzi. Unaniona mimi mjinga?"

Mzee angesema nini mbele ya mkaza mwana? Askari mmoja akatoa pingu. Mapenzi, nyuma ya jiko, akamwona mzee mzima akinyoosha mikono kama mwizi wa kuku. Hakustahimili.

"Mwacheni baba! Natumia mimi!"

Askari walicheka mpaka wakashika mbavu. Ndirangu naye akacheka. "Haya basi. Na wewe mzee, tumia kama yeye."

Wakaenda zao. Mapenzi alitamani ardhi ipasuke immeze. Mzee Baya alibaki amesimama, macho chini, kisha akaingia ndani na chakula cha siku hiyo hakukigusa.

Kuanzia hapo choo kilikuwa cha Mapenzi, kwa kinywa chake mwenyewe. Mzee hakukikaribia. Tumbo la kuhara lilipomshika, alijikokota kuelekea kichakani, akaanguka uani. Mapenzi alimkimbilia, akamwinua, akamwelekeza chooni, maana kilikuwa karibu.

"Hapo si pangu, mama."

"Baba, nakuomba."

Alikataa. Wakiwa bado wanabishana, tumbo likamshinda, mikononi mwa mkaza mwanawe. Mzee akalia kwa sauti. Mapenzi alimwosha huku akitazama kando, naye akilia, akamnywesha maji ya chumvi na sukari hadi akapata nafuu.

Alipoweza kutembea, Mzee Baya alihamia kwa bintiye Kaloleni. Hakuaga.

Ngala aliporudi kutoka Marereni alikuta chumba cha babake kitupu.

"Umemfanya nini baba yangu?"

Mapenzi alijua kwamba akisema kweli, atamvua mzee nguo mara ya pili, safari hii mbele ya mwanawe. Uso ulimwaka kwa aibu isiyokuwa yake.

"Nilimtukana," akasema.

Asubuhi yake Ngala alimrudisha kwao.