Siku Nilipoeleza Asili ya "Okei" Ukweni

Jamani, nacheka sasa kwa sababu yamepita, lakini siku ile kule kijijini Masoko nilitamani ardhi ipasuke nizame, na nikishazama ijifunge vizuri, maana nilijitia aibu ya mwaka mbele ya wakwe na hakuna aliyenituma.

Mimi nauza makava na chaja za simu Tukuyu mjini, karibu na stendi, na wateja wakipungua (mvua za kwetu mnazijua) nilikuwa najirekodi video fupi fupi nikieleza misemo ya Kiingereza cha mtaani, huu una maana gani, ule ulianzia wapi, na watu wakapenda, wakaanza kuniita Ticha. Kiingereza changu cha kidato cha nne msiniulize. Nilikuwa nasoma kidogo huku na kule, pakipelea naongeza chumvi, mambo yanakwenda.

Sasa ikafika siku ya kupeleka posa kwa kina Tumpe. Baba yake, Mzee Gwakisa, ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu wa maneno machache, na kabla yangu alishamrudisha mchumba mmoja njiani. Tumpe aliniambia wazi: "Nakupenda, lakini baba akisema hapana, mimi sitoroki na mtu." Kwa hiyo kila kitu kilikuwa pale sebuleni kwa mzee.

Na mnajua taratibu, mwoaji haongei. Msemaji ni mshenga, na wangu alikuwa baba mdogo Ambakisye. Kazi yangu ilikuwa kusalimia, kukaa na kutazama sakafu. Kazi ya kumshinda mtu hiyo?

Tukafika na matope mpaka kwenye soksi, tukasalimiana kwa Kinyakyusa, ugonile, ndaga, tukakaribishwa. Baba mdogo akaanza vizuri kabisa, mpaka shangazi yake Tumpe akanikazia macho akasema, "Huyu si yule Ticha wa kwenye simu?" Nikatabasamu. Baba mdogo akakohoa.

Mzee akavua miwani. "Kumbe tuna mwalimu. Basi nisaidie, mwalimu mwenzangu. Siku hizi kila mtoto ukimtuma anakujibu okei. Hiyo okei imetoka wapi?"

Hapo ndipo ningesema "sijui, baba," tukaendelea na posa. Lakini sebule nzima inanitazama, na kuna kitu nilishakisoma mahali, nikafungua mdomo na sauti ikabadilika yenyewe ikawa ile ya kwenye video. "Baba, hilo ni neno la wanajeshi. Zamani wakitoka vitani walikuwa wanaandika ubaoni waliouawa ni wangapi. Kama hakuna, wanaandika sifuri, inayosomeka kama O, halafu K ya "killed", yaani waliouawa. Ndiyo okei. Yaani leo hatujapoteza mtu."

Wazee wakatikisa vichwa, "Ahaa." Ningeishia hapo! Lakini nilishanogewa, nikataka na wao wajione wamo.

"Na si mbali, wazee wangu. Hata hapa Masoko, kwenye kambi ya Mjerumani pale ziwani, ubao huo ulikuwepo."

Baba mdogo akanifinya paja. Mzee mmoja kwenye kona akauliza, "Mjerumani aliandika Kiingereza?"

"Walikuwa na mkalimani, baba." (Mkalimani! Nilimtoa wapi mimi?)

"Wakati wa vita vile vya kwanza?" Mzee Gwakisa akauliza taratibu.

"Ndiyo hasa, baba."

"Na ubao ukasema hakuna aliyekufa."

"Siku nyingi tu, baba. Hapa palikuwa pametulia."

Shangazi akainamisha kichwa.

"Babu yangu," mzee akasema, "alichukuliwa hapo hapo Masoko akabebeshwa mizigo ya vita. Hakurudi. Hatukuletewa hata nguo. Jina hili la Gwakisa ni lake. Sasa niambie, mwalimu, kwenye ubao wako yeye aliandikwa wapi?"

Nilimwona mama yake Tumpe mlangoni na sahani za mbalaga, ndizi zetu za kupika, akirudi nazo jikoni.

"Na wa kwenu aliyebebeshwa mizigo, maana kila ukoo ulitoa mtu, anaitwa nani?"

"Baba, mimi... hilo sijawahi kuuliza."

"Maneno ya Wazungu unajua yalikotoka." Akavaa miwani yake. "Nenda kaulize kwenu. Ukipata jina, urudi."

Tulirudi bila kula. Baba mdogo hakuniambia neno mpaka Tukuyu, na alipolisema siwezi kulirudia hapa. Nilipotulia nikatafuta vizuri asili ya okei, nikakuta wajuzi wengi wanasema ilianza kama utani wa waandishi wa magazeti Marekani, na ile ya wanajeshi na ubao ni hadithi tu ya mitaani. Hata uongo wenyewe haukuwa wangu!

Nikaenda Nkunga kwa bibi mzaa baba, nikamkuta anamenya ndizi. Akafikiri sana. "Walichukuliwa wawili, mwanangu. Ndugu. Majina yao waliyajua wakubwa, na wakubwa wamekwisha."

Nikauliza kwa wengine, ukoo mzima, hakuna. Tumpe hakuwa anapokea simu zangu. Mwishowe nikarudi Masoko na baba mdogo (nilimbembeleza mno), nikakaa kwenye kiti kile kile.

"Umelipata jina?" mzee akauliza.

Jamani, nisiwafiche. Lilinijia jina zuri kabisa la Kinyakyusa, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kunipinga. Lilifika mpaka kwenye ulimi. Nikalimeza.

"Sijui, baba. Walikuwa wawili, ndugu. Bibi anakumbuka hilo tu. Nimeuliza kila mtu, na majina hayapo tena."

Nikajua hapa nimemkosa Tumpe, imekwisha. Kisha mzee akasema kwa sauti ya chini, "Mimi babu yangu nina jina lake, kaburi sina. Wewe hata jina huna. Pole, mwanangu." Akageukia mlangoni. "Mwiteni Tumpe."

Nikalia, mwanaume mzima, kamasi na kila kitu, mbele ya wakwe (aibu nyingine hiyo), na video zote nilishazifuta, na nimeapa kwamba nisilolijua silisemi tena, hata nitazamwe na Rungwe nzima.