Nukta ya Nyumba ya Mwisho

Mama yangu hajawahi kuielewa kazi yangu, na kwa muda mrefu nilishukuru kwamba haielewi. "Umesoma miaka yote hiyo uje kucheza gemu," alinitania kila nilipofungua kompyuta pale kwetu Nsemulwa, mjini Mpanda, yeye akibangua karanga za mbegu. Nilikuwa nakasirika. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nyumbani wote wanajua.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna ofisi, mbali na Mpanda, inayotengeneza vijiji ndani ya kompyuta. Kila mtu au kila nyumba ni nukta, na kila nukta ina kanuni zake: inaenda shamba lini, inaogopa nini, inamwamini nani. Nyeusi ni waasi wa porini, za bluu ni askari, za kijani ni wanakijiji. Unaziachia ziishi zenyewe, miezi inapita kwa dakika chache, na maofisa wa jeshi waliotuletea kazi wanatazama. Tukifunga barabara, uasi utapungua au utaongezeka? Tukilinda soko? Tukihamisha watu? Afadhali tukosee kwa nukta kuliko kwa watu, ndivyo nilivyoambiwa siku ya kwanza, nami niliamini. Hata sasa sijaacha kabisa kuamini.

Kanuni za wanakijiji nilipewa mimi, kwa kuwa ofisi nzima ni mimi peke yangu niliyekulia kijijini. Nchi ilikuwa ya kubuni, ila barabara niliichora nikiikumbuka Kasekese, tulikokuwa tunalima kabla ya kuhamia mjini. Kanuni nazo nilizichukua kwa mama. Nilikuja likizo nikamhoji bila kumweleza maswali ni ya nini.

"Wakipita wanaume watatu usiowajua, wakaomba chakula?"

"Nawapa."

"Wakiwa na bunduki?"

"Si ndo wana njaa zaidi, wametoka mbali."

"Na ukijua kabisa ni watu wabaya?"

Alinitazama kwa kunihurumia. "Ukimnyima ndo anakaa. Mpe ale, aende zake. Nyie mliosoma mnafanyaje?"

Nilicheka, nikaandika. Niliporudi ofisini nikaiweka hivi: nyumba inayowapa waasi chakula mara tatu inageuka nyekundu, yaani inawaunga mkono. Hakuna aliyenilazimisha. Nilihitaji kupima watu wanaegemea upande gani, na chakula ni rahisi kukihesabu. Kwetu mgeni hupewa chakula kabla hajaulizwa jina. Wasukuma waliokuwa wakipita na ng'ombe wao walikula kwetu wakaondoka, na hadi leo hatujui walikuwa wanaitwa nani. Hayo yote niliyajua, na bado niliandika nilichoandika.

Likizo iliyofuata nilitaka sifa, basi nikamwita mama aje aone. Alivaa miwani, akasogeza kigoda.

"Sisi tuko wapi?"

Nikamwonyesha nukta ya nyumba ya mwisho barabarani, upande wa porini. Aliipenda papo hapo. Kila mara nukta nyeusi zilipoisogelea alisema "karibuni", tukacheka wote wawili. Mara ya tatu ikageuka nyekundu.

"Imekuwaje?"

"Ni rangi tu, mama. Inaonyesha kwamba imewalisha waasi."

Nukta za bluu zilikuwa zimeanza kushuka barabarani. "Na hao?"

"Askari."

Mama alifunika skrini kwa kiganja. "Zima."

Nikazima.

Nilikuwa nimekua nikiambiwa kwamba babu, baba yake mama, alikufa kwa homa huko ng'ambo ya mpaka, kabla mama hajakimbilia huku. Mchana ule aliniambia kwamba hakukuwa na homa yoyote. Nyumba yao nayo ilikuwa ya mwisho. Watu wa porini walipita, babu akawapa ugali na maharage, kwa sababu walikuwa mlangoni na ugali ulikuwepo. Baada ya siku chache askari wakaja kuuliza nani amewalisha. Babu hakukataa, hakuona kama ni jambo la kuficha. Walimuua pale uani. Mama alikuwa na miaka tisa, na ndiye aliyewanawisha mikono wale wageni.

Alisimulia bila kulia. Aliyelia ni mimi, hadi akanipa ncha ya kanga yake nijifute. Kisha akauliza.

"Huyo wa kwenye kompyuta, wakifika wanamfanya nini?"

Ukweli ni kwamba nyumba nyekundu huondolewa. Nukta inafutika, na jedwali pembeni linaonyesha uasi umepungua.

"Hawamfanyi kitu," nilisema. "Wanamuuliza, wanaondoka."

"Kweli?"

"Kweli, mama."

Niliporudi kazini nilijaribu kuitoa ile kanuni. Mkuu wangu, askari mstaafu, mtu mpole, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza nina ushahidi gani kwamba wanaowalisha waasi hawawaungi mkono. Ushahidi wangu ulikuwa babu. Nilisema tulihoji watu wachache mno. Akasema tutarekebisha kwenye toleo lijalo, kwa sababu majibu yalishatumwa na maofisa walikuwa wameyapenda: nyumba za pembezoni ziondolewe mapema. Ni maofisa wa nchi gani, sisi hatuambiwi. Huko waliko, huenda sasa hivi kuna mtoto anamnawisha mgeni mikono.

Sikuacha kazi. Nasema wazi, maana wanaosimulia mambo ya namna hii hupenda kufika mahali wakaacha kazi.

Mama akawa ananipigia simu kila Jumapili akitoka kanisani. Tukimaliza salamu anauliza, "Yule wa nyumba ya mwisho hajambo?" Namjibu hajambo. Mwezi wa kumi na mbili akasema, "Ukija Krismasi njoo naye. Nataka niwaone askari wakiondoka. Siku ile nilikukatisha."

Hapo ningeweza kumwambia ukweli. Badala yake niliandika kanuni nyingine, kwa ajili ya mtazamaji mmoja tu. Ilikuwa mistari minne: askari wanafika mlangoni, wanasubiri kidogo, wanageuka, wanarudi walikotoka.

Siku ya pili ya Krismasi, baada ya chakula cha mchana, nilimwekea. Nyumba ikawa nyekundu, nukta za bluu zikashuka. Mama alinishika mkono kwa nguvu. Nilichokuwa naogopa ni kwamba atanigundua, kwa sababu mama yangu hadanganyiki, si sokoni wala hospitali. Nukta za bluu zikasimama mlangoni, zikageuka, zikapanda barabara hadi zikatoka kwenye skrini. Nyumba ikabaki mahali pake.

Mama akavua miwani akalia, kilio ambacho sikukisikia hata siku aliyonisimulia.

"Kumbe ilikuwa inawezekana," alisema. "Kumbe wangeweza tu kuondoka."