Kona ya Barabara Mpya

Lava ya volkano ilipopoa katikati ya Goma, waasi waliotawala wakati ule walitangaza kwamba muji utajengwa upya. Siku moja nilikuwa nangoja zamu yangu katika ofisi ya mipango ya muji. Mbele yangu alisimama mama mmoja, na injinia alikuwa akimwonyesha ramani mezani.

"Mama, barabara itapita kwenye parsele yako, kiwanja cha nyumba yako. Tutakupa ingine, nzuri zaidi."

"Ingine sitaki."

"Lakini nyumba haiko tena. Ni mawe tu."

"Nyumba iko, chini ya mawe. Na bwana yangu iko ndani. Alikataa kutoka."

Injinia alivua miwani, akaipangusa kwa shati. Kisha akauliza polepole, "Alikuwa upande gani wa nyumba?"

Mama aliweka kidole kwenye ramani, na hakukiondoa mpaka injinia alipofuta mustari wake na kuuchora upya, ukizunguka kile kidole.

Leo barabara hiyo inapinda mahali ambapo hakuna mulima wala mutaro. Wanafunzi wa chuo kikuu wakipita hapo husema mainjinia wetu hawajui kunyoosha mustari. Mimi, nikiwa kwenye pikipiki, najishika vizuri kwenye kona na kumwambia dereva apite polepole.