Jina Lililochomekwa Katikati

Mama yangu mdogo hakujua kusoma, lakini alijua kuhesabu mistari. Kila Jumatatu asubuhi alikuwa akija kwa miguu kutoka Bongwe hadi kwenye geti la hoteli niliyokuwa nikifanyia kazi huko Diani. Alikuwa akisimama mbele ya karatasi iliyobandikwa ukutani, akiweka kidole juu kabisa, kisha akikishusha mstari kwa mstari mpaka alifikie jina lake. Jina lenyewe alilijua kwa umbo, kama mtu anavyoijua kanga yake kwenye kamba ya jirani.

Karatasi ile ilitolewa na programu niliyoiandika mimi.

Ilikuwa miaka ile baada ya vurugu za Likoni, watu wa bara walipofukuzwa pwani na watalii wakakatika. Hoteli iliwapunguza wafanyakazi wa kudumu, ikawa inaita vibarua kwa zamu: dobi, jikoni, bustanini. Majina yalikaa kwenye daftari. Kila wiki, vibarua kumi na wawili wa mwanzo waliitwa, na wakimaliza wiki yao walirudi mwisho wa foleni. Daftari lile lilikuwa limejaa mistari iliyokatwa na majina yaliyobanwa pembeni, na hapakupita Jumatatu bila watu kushikana mashati getini.

Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya wafanyakazi. Karani wetu mkuu alikuwa msichana wa bara, aliyenizidi miaka mitatu hivi, na ndiye aliyekuwa rafiki yangu wa karibu kuliko wote. Tulikula sahani moja. Vurugu zilipochacha Ukunda, mama mdogo ndiye aliyempokea. Alimfunga buibui, akamlaza kwake siku tatu, na kila aliyebisha hodi aliambiwa huyu ni mkwe wetu mgonjwa. Siku ya nne rafiki yangu alihamia kwenye uwanja wa kanisa walikokusanyika wenzake, akakaa huko kwa wiki kadhaa. Aliporudi kazini alikuwa amekonda, lakini alinikumbatia mbele ya watu wote.

Yeye ndiye aliyenishawishi tujiandikishe kwenye masomo ya kompyuta ya jioni, Ukunda, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la vitambaa. Mwalimu wetu alikuwa mtu mpole wa Tanga. Tulipofika kwenye orodha za kuungana, zile zinazoshikana kama mnyororo, hakuandika kitu ubaoni. Alitusimamisha sita, mmoja huku mmoja kule, ovyo tu, akamwambia kila mmoja amwonyeshe kidole yule anayemfuata.

"Hakuna anayeijua foleni nzima," alisema. "Kila mtu anamjua wa nyuma yake tu. Basi. Hiyo inatosha."

Kisha akamwita rafiki yangu aingie katikati. "Kwanza mgeni amwonyeshe wa nyuma. Ndipo wa mbele aache alikoonyesha, amwonyeshe mgeni. Ukigeuza mpango huo, wa nyuma wote umewapoteza."

Mimi alinitoa. Yule aliyekuwa akinionyesha alihamisha kidole chake, akanivuka, akamwonyesha aliyekuwa baada yangu. Nikabaki nimesimama palepale, kidole changu bado kimenyooka, na hakuna aliyenionyesha mimi. Darasa likacheka, nami nikacheka.

Rafiki yangu aliacha masomo baada ya wiki chache. Mimi nilinogewa. Nikaanza kuliandikia lile daftari la vibarua programu, katika saa ya chakula, kwenye mashine ya ofisi. Mara ya kwanza niliyapanga majina katika visanduku mia mbili vilivyofuatana. Ikawa tabu: jina la tatu likitoka, yote yaliyobaki hayana budi kusogea hatua moja, na mtu wa mia mbili na moja akija, programu inagoma. Ndipo nikakumbuka vile vidole. Nikaandika upya, kila jina likabeba anwani ya jina linalofuata, na foleni ikawa inarefuka na kufupika itakavyo. Siku ya kwanza niligeuza mpango kama mwalimu alivyotuonya, printa ikatoa majina manne tu. Niliporekebisha, rafiki yangu alipiga makofi mpaka meneja akachungulia.

"Wee! Hii kitu imeweza kabisa!" alisema. "Sasa hakuna mtu atatupigia kelele."

Na kweli kelele zilikwisha. Karatasi ilikuwa safi, haina mkato wala jina la pembeni. Nilimsikia mzee mmoja wa bustanini akimwambia mwenzake, "Kompyuta haina mjomba." Nilitembea na maneno hayo kifuani siku nzima.

Baada ya miezi miwili rafiki yangu aliniomba niongeze kitu. "Mtu akiugua anapoteza zamu yake," alisema. "Si haki. Niwekee njia ya kumrudisha pale alipokuwa. Na wale waliohama au kufariki, niweze kuwatoa."

Niliona ni jambo la huruma. Niliimaliza kazi ile siku moja, kwa sababu kuchomeka jina katikati ni kuhamisha mishale miwili tu, yaani vile vidole vya darasani. Nilimfundisha mwenyewe, na kwa kuwa sikutaka kuniita kila mara kumsumbue, nilimpa neno langu la siri.

Haukupita muda, mama mdogo alinisimamisha getini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nieleze. Jumatatu ya kwanza nilikuwa wa ishirini na sita. Ya pili, wa kumi na tisa. Leo ni wa ishirini na mbili. Foleni gani hii inayorudi nyuma?"

"Labda kuna wagonjwa waliorudishwa, mama."

"Wote hao?"

Watu walikuwa wakitusikiliza. Niliona haya, na haya ile ikageuka ukali. "Umehesabu vibaya," nilimwambia. "Kompyuta haikosei."

Aliukunja mkono, akakitazama kidole chake. "Huenda," alisema, akaondoka.

Maneno yale hayakunitoka. Mashine haikuweza kunisaidia: jina likichomekwa, foleni inakuwa kana kwamba lilikuwapo tangu mwanzo. Daftari lingalionyesha wino mpya. Programu yangu haikuacha hata alama. Lakini askari wa getini alikuwa akizihifadhi karatasi za zamani ili aandike namba za magari kwa nyuma. Nilimwomba anipe. Nikazipanga sakafuni, Jumatatu baada ya Jumatatu, nikazisoma nikiwa nimepiga magoti.

Majina ishirini na manne yalikuwa yameota katikati ya foleni. Hawakuwa wagonjwa, hawakuwa wamewahi kuwamo. Na matatu yalikuwa yametoweka, ya wanawake ambao hawakuhama wala hawakufa. Mmoja alikuwa mama wa kijiji cha Waa ambaye nilikuwa nimemwona Jumatatu ileile akiisoma karatasi kutoka juu hadi chini, kisha akiianza tena.

Mchana nilimkuta rafiki yangu katika chumba cha chakula. Niliweka karatasi mbili mbele ya sahani yake. Alizitazama, akaendelea kutafuna.

"Ni watu wa kanisani kwetu," alisema mwishowe. "Tulilala nao chini, kwa tope, na watoto. Wamerudi, hawana kitu. Ninyi mna shamba, mna minazi, mna ndugu kila nyumba. Wao wana nani?"

"Ungaliniambia."

"Ungalikubali?"

Nilimwonyesha mstari wa ishirini na mbili. "Huyu je, unamjua?"

Alisoma jina lile, la baba na la babu, kama lilivyoandikwa kwenye kitambulisho. Akatikisa kichwa.

"Ni mama mdogo wangu. Ndiye aliyekuficha."

Kijiko kilibaki hewani. "Mimi nilikuwa nikimwita mama tu," alisema. "Sikuwahi kujua jina lake."

Mpaka leo sijui kama alisema kweli. Niliona macho yake yanalengwa na machozi, na kwa sababu hiyo nilimwambia nitampa mpaka kesho, aende mwenyewe kwa meneja akaeleze. Niliamini atakwenda.

Akaenda. Asubuhi yake niliitwa ofisini, naye alikuwa ameketi pale, mikono mapajani.

"Programu hii ni ya nani?" meneja aliuliza.

"Ni yangu."

"Njia ya kuingiza majina katikati, aliiandika nani?"

"Mimi, lakini..."

"Na neno la siri ni la nani?"

Nilimgeukia rafiki yangu. Alikuwa akiitazama feni ya darini. Nilimwita kwa jina lake, si mara moja. Hakugeuka. Nilijieleza, nikazitaja karatasi, meneja akasema karatasi zinaonyesha majina, hazionyeshi mkono. Kufikia saa nne nilikuwa nje ya geti, na daftari la zamani limerudishwa kazini.

Nilikwenda Bongwe moja kwa moja. Mama mdogo alikuwa akipura kunde uani. Nilimweleza yote, nikilia zaidi kwa ajili ya kile kiti alichokalia rafiki yangu aliponisingizia kuliko kwa ajili ya kazi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Yule msichana nilimficha kwa sababu alikuwa mtu," alisema. "Sikumdai kitu, hata leo simdai. Lakini wewe uliniambia nimehesabu vibaya. Nilirudi nyumbani nikihesabu kuku wangu, mwanangu, nione kama akili zangu zimeanza kuniacha."

Nilichukua fimbo ya pili nikapura naye.

Siku iliyofuata nilikwenda Waa, nikaulizia mpaka nikaonyeshwa nyumba. Yule mama alinikaribisha kwa wasiwasi. Nilipomwambia kwamba jina lake lilitolewa na mtu, kwamba hakukosa lolote, alikaa chini palepale mlangoni.

"Basi sikufukuzwa?"

"Hukufukuzwa."

Aliangalia ndani, akapunguza sauti. Mumewe, alisema, alikuwa amesadiki kwamba mkewe ameiba shuka za hoteli. Mtu hafutwi hivi hivi, ndivyo alivyomwambia, na kwa wiki kadhaa hawakuwa wakisemezana ila kwa kupitia watoto.

"Mwite," nilisema.

Mume alitoka, mtu mrefu mwenye kofia ya kufuma. Tuliamkiana. Nilimweleza kwa lugha nyepesi, ile mishale nikaiacha, nikamwambia tu kwamba karatasi ilidanganya, na kwamba niliyeitengeneza ni mimi. Aliniuliza tena, polepole, kama mtu anayepima maji kwa mguu: "Wewe ndiye uliyeitengeneza?"

"Mimi."

Alimgeukia mkewe, na kwa mara ya kwanza tangu nifike akamwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, mama fulani, akamwambia, "Mletee mgeni maji."