Nilienda Tanga kuona bahari, nikarudi na chanuo, na chanuo hilo silichomi

Wakuu, heshima zenu, pamoja na dada zangu mnaosoma kimyakimya bila kuchangia.

Ninayoandika hapa yamenipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi. Atakayesema ni chai, shauri yake. Aje Lubumbashi, Kongo, ushahidi upo, umening'inia kwenye msumari.

Mimi ni msusi. Nina saluni ndogo mtaa wa Katuba, viti vitatu na kioo kimoja. Marehemu baba alikuwa fundi wa reli, mtu wa Kabalo kule kaskazini. Mama yangu yupo, anakaa mitaa miwili kutoka saluni.

Kila Jumamosi namsuka mama. Hiyo ndiyo saa yetu. Anaketi, naingiza vidole kichwani mwake, tunasengenya parokia nzima.

Sasa huku kwetu mtu akisema anakwenda Tanzania, anaulizwa anafuata nini. Gari? Vitambaa? Mimi nikasema naenda kuona bahari. Basi.

Watu walicheka sana. Kaka yangu mkubwa, Dieudonné, ndiye alichukia kabisa. "Béa, mwanamuke muzima unaenda kuangalia mayi? Kwetu hakuna mayi?"

Nina miaka arobaini na sita. Nimesuka vichwa vya nusu ya mji huu nikiwa nimesimama. Nikapanda basi.

Kasumbalesa, Zambia yote, Tunduma, Dar, halafu Tanga. Habari za makalio yangu sitazieleza hapa.

Kwa nini Tanga? Kwa sababu ya Mama Zuhura, msusi mwenzangu niliyemfahamu kwenye group la WhatsApp. Miaka miwili tulikuwa tunatumiana picha za vichwa vya watu. Alinipokea stendi kama ndugu wa tumbo moja.

Asubuhi ya kwanza akanipeleka ufukweni, Raskazone. Maji yalikuwa yamejaa, yanapiga ukuta. Nilisimama pale nikalia, wala sioni aibu kusema. Nikachovya kidole nikaonja. Nyie mmezaliwa mnajua ni ya chumvi, mimi nilikuwa naambiwa tu.

Tukaenda kula, tukarudi mchana.

Wakuu, bahari haipo!

Imekwenda kule mbali, mitumbwi imelala kwenye tope. Kwetu maji yakishuka namna hiyo kwa siku moja, ujue kuna mtu kafunga bwawa la umeme. Nikamshika Mama Zuhura mkono, "Nani amefunga barrage?" Alicheka mpaka akakaa chini. "Dada yangu, maji yamekupwa tu. Jioni yatajaa." Nilibaki palepale hadi jioni kuhakikisha. Yakajaa.

Siku ya pili, mapango ya Amboni. Mtembezaji ana tochi, popo juu, miamba imejichonga yenyewe, huku kama meli, huku kama kiti cha sebuleni. Kuna pahali penye giza watu wameacha chupa za marashi na vitambaa. Mtembezaji akasema hapo wanakuja kuomba watoto, kazi, utajiri. Akaniuliza kama nina ombi.

Nikamwambia sina. Kumbukeni hilo.

Tukaenda na kwenye chemchemi za maji moto. Wenzangu wote wanaziba pua, mimi navuta hewa natabasamu. Harufu ya kiberiti ile ile ya moshi wa kiwanda cha shaba niliyokulia! Nimesafiri siku zote hizo nikakuta nyumbani kwetu kunachemka chini ya ardhi.

Siku ya kuondoka nikapita kwa fundi wa mbao sokoni. Nikaona chanuo la mpingo, meno mapana, zito mkononi, linapita kwenye nywele bila kukata. Kwenye mshikio fundi alikuwa amechonga samaki. Nikalipenda, nikalinunua.

Hapo ndipo nilipokosea, kama ni kosa.

Kwa msiojua, huku kwetu kuna Mamba Muntu. Ni mwanamke wa majini, juu mtu, chini samaki. Wanasema ukipata chanuo lake anakuja ndotoni kulidai, na ukikubaliana naye anakupa utajiri. Kisha anakudai mtu wa nyumbani kwako, na mtu huyo anakufa.

Mnaona ninakoelekea.

Nilirudi mwezi wa saba. Mama Zuhura alikuwa amenifundisha mtindo mpya wa kusuka, wateja wakajaa hadi barabarani. Chanuo nililitundika kando ya kioo. Siku moja mteja akatazama mshikio, akamwona yule samaki, akanyanyuka. Ameondoka na kichwa nusu, wakuu. Nusu nywele zimesukwa, nusu zimesimama. Alivuka Katuba nzima hivyo hivyo akitangaza.

Wiki ile ile mama akaanza kukohoa.

Jamani, mwezi wa saba huku ni baridi na vumbi jekundu. Nani hakohoi? Lakini mtaa ulishajipatia hadithi. Béa alienda baharini bila sababu. Karudi na chanuo la samaki. Saluni imejaa. Mama anakohoa. Mama ndiye wa kwanza kudaiwa.

Jumamosi nikaenda kumsuka. Nikakuta amefunga kitambaa kichwani, amekikaza. "Leo hapana, mwana wangu. Kichwa inaniuma."

Jumamosi iliyofuata, kichwa kinauma. Ya tatu, hakufungua mlango. Nilisikia akikohoa ndani.

Wateja waliokimbia sikuwajali, nywele zitawarudisha. Lakini mama yangu mzazi kuogopa mikono yangu? Niliumia, wakuu. Niliumia sana.

Dieudonné akaja saluni kulifuata chanuo, na kiberiti mfukoni. Sitanii.

"Béa, lete ile peigne. Tuichome leo, mambo iishe."

"Shitaichoma, yaya." Huku kwetu yaya ni kaka mkubwa, si mlezi wa watoto.

"Unataka mama akufe?"

"Nikichoma, njo nitakuwa nimekubali. Batasema, muliona? Alikuwa nayo kweli. Na mama ataniogopa mpaka siku ya mwisho."

Akasema mimi si dada yake tena. Nikamwambia apunguze sauti, anafukuza wateja wawili waliobaki.

Nikafunga saluni, nikatia chanuo kwenye mkoba, nikaenda kwa mama. Nikapiga mlango mpaka akafungua. Nikakaa mbali naye, karibu na ukuta, asiogope.

"Mama, bantu banasema nini?"

Akatazama chini. "Banasema njo mi wa kwanza. Minaogopa, mwana wangu."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Macho yangu yakaenda ukutani, juu ya redio, kwenye msumari mtupu. Hapo baba alikuwa ametundika picha ya kuchora. Nyumba nyingi za wakati ule zilikuwa nayo. Mnajua ilikuwa picha ya nani? Mamba Muntu mwenyewe, na mkia wake, na kioo, na chanuo mkononi! Tumekula chini yake utoto wote.

"Mama, ile tableau ya papa ilikaa pale myaka ngapi?"

"Mingi. Mpaka mvua ikaiharibisha."

"Na tulikuwaka batajiri?"

Mdomo ukaanza kumchezacheza.

"Batajiri ya wapi! Bukari na matembele kila siku. Papa yako alikuwaka na bilato bya kazi tu, hata ku misa." Kwa msiojua, bukari ni ugali, bilato ni viatu.

"Sasa mwenyewe mzima alikaa mu nyumba yetu, hakutupatia hata sabuni. Peigne ya Tanga njo itanipa?"

Mama alicheka, akakohoa, akacheka tena. Lakini kitambaa hakufungua. Nikarudi kwangu sijui nimeshinda au nimeshindwa.

Jumamosi, saa sita mchana, nipo saluni, barabara imejaa watu. Namwona mama anakuja kwa miguu, kavaa kitenge cha Pasaka, kabeba kigoda chake mwenyewe. Hakuingia ndani. Alikiweka nje mlangoni, pale kila apitaye anaona. Akaketi, akavua kitambaa.

"Tosha ile peigne, unichanue nayo. Ile ya samaki."

Nywele zake zilikuwa zimefungamana kwa wiki zote zile. Nikaanza kwenye ncha, polepole. Mtaa mzima unatazama, na Dieudonné kasimama ng'ambo ya barabara.

Mama akakohoa kikohozi kikubwa. Watu wakashtuka.

"Ni vumbi, ba voisins!" akawapazia majirani sauti. "Ni vumbi tu!"

Wakuu, nilichojifunza ni kimoja. Ukichoma kitu ili watu wanyamaze, umewasaidia kukushtaki. Mimi silichomi. Lipo kando ya kioo, anayetaka aje alishike.

Mwakani naenda tena Tanga, na safari hii siendi peke yangu. Nilipofika nywele za kisogoni mama aliniuliza taratibu, "Na ile mayi, ni kweli inaendaka na kurudia?"

Nikamwambia ataihakikisha mwenyewe.

Haya, uwanja ni wenu. Wa Tanga mniambie pa kumpeleka bibi wa miaka sabini na tatu asiyeogopa tena. Na kama kuna mtu hapa naye ameshawahi kuitwa mchawi kwa sababu ya kutembea tu, aje tukae pamoja.