Mikanda Mitano ya Tumbo Moja

Mimba yangu ilipofika mwezi wa saba, wanawake wa ofisini kwetu waliunda kamati. Dodoma ya siku hizi hakuna jambo linalofanyika bila kamati. Mtu akiumwa jino, atatafutiwa mwenyekiti. Yangu iliitwa Kamati ya Kumwandaa Mama, na mwenyekiti wake alikuwa dada wa masijala, mwanamke anayemkumbuka kila mtu aliyewahi kukosa harusi ya mwenzake. Wakafungua kundi la WhatsApp. Kwa wiki tatu simu yangu ilitetemeka mchana kutwa, watu wazima wenye shahada zao wakibishana kama sare iwe zambarau au kijani cha ndimu. Zambarau ikashinda. Nikadhani sasa ndipo watakapoanza kuniandaa.

Bebi shawa yenyewe ilifanyika Jumapili mchana kwenye ukumbi mdogo huku kwetu Area D. Walimkodi somo mmoja, amevaa dera la kumeremeta, akashika kipaza sauti na kutufundisha kwa saa nzima jinsi ya kumzuia mume asichoke na nyumba yenye mzazi. Mimi nimekalishwa kwenye kiti kilichovikwa kitambaa cheupe, miguu imevimba hadi viatu vimenikataa, nasubiri afike kwenye mwili wangu. Alifika. Alisema, "Tumbo, mwali wangu. Tumbo usiliachie likalala." Ukumbi mzima ukapiga vigelegele, akarudi kwa mume.

Zawadi zilipofunguliwa, kati ya mabeseni na neti na viguo vya mtoto, ilitoka mikanda mitano ya kubana tumbo. Mitano. Waliotoa hawakuwa wameambizana; kila mmoja kwa nafasi yake alikaa akawaza mwanamke anayekwenda kuzaa anahitaji nini, na akili zote tano zikakutana tumboni. Hakuna aliyeleta pedi za kutosha damu ya wiki nzima. Hakuna aliyeniambia kwamba ningeogopa kwenda haja. Na wote walikuwa wamezaa, wengine mara nne, maana yake walijua na wakanyamaza, wakanichagulia rangi ya mkanda.

Nisijitoe. Nilikuwa nawacheka moyoni, lakini mimi mwenyewe nilijiandaaje? Nilikuwa na orodha kwenye simu. Ningeweza kukuhutubia juu ya aina tatu za pampasi, ipi inavuja ubavuni na ipi inamchubua mtoto. Kwa ajili ya mwili wangu niliandika kitu kimoja, gauni la kulalia lenye vifungo mbele, na hilo pia lilikuwa la kumrahisishia mtoto kunyonya.

Mume wangu naye alipaka rangi chumba cha mtoto. Nilipomuuliza ameniandalia nini mimi, alinitazama kama nimemuuliza swali la mtihani wa mtu mwingine. "Si mama anakuja," akasema. Basi. Maandalizi yake yote yalikuwa mama yake.

Mama mkwe alikuja wiki moja kabla, kutoka Makutupora, na kiroba cha unga wa uwele, mlenda wa kukausha, jogoo aliyefungwa miguu, na kanga kuukuu zilizochanwa vipande virefu. Nilimpigia magoti, nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, kisha akauliza jiko liko wapi. Nikamwonyesha la gesi. Akalizunguka, akalikagua, akasema hilo ni la chai, maji ya kumkanda mzazi yanataka mkaa. Jioni ile mume wangu alitumwa gunia la mkaa na akaenda mbio. Mimi nilikuwa nimemwomba arekebishe bomba la bafuni tangu Pasaka.

Nilijifungua kawaida, mtoto wa kike, mkubwa kuliko nilivyojipangia. Nilichanika, nikashonwa nyuzi ambazo mkunga hakutaka kunitajia idadi. Kesho yake nikaruhusiwa. Nilitoka hospitali natembea kwa kuchanua miguu, nikapandishwa kwenye bajaji juu ya mito miwili, na kila tuta la barabara nililijua kwa jina lake.

Asubuhi yake mafunzo yakaanza. Mama mkwe aliniketisha kwenye kigoda bafuni, sufuria inafuka mvuke mbele yangu. Nikaishikilia kanga yangu kifuani. "Mficha uchi hazai," akasema, "na wewe umeshazaa. Toa." Akachovya taulo kwenye maji ambayo mimi ningeyasongea ugali, akalikamua kwa mikono mitupu, akanikandamiza nalo tumboni, kiunoni, mgongoni. Nilipolia alisema damu mbaya inatoka. Nilipoacha kulia alisema sasa inatoka vizuri. Halafu akachukua vile vipande vya kanga, akanizungushia tumbo, akaniwekea goti kwenye nyonga na kuvuta kama anafunga mzigo wa kuni. Huku akinisimulia kwamba yeye siku ya kumi na nne baada ya kuzaa alikuwa tayari shambani, anabeba kreti za zabibu kichwani kwa ajili ya msimu. Alisema kwa majivuno. Mimi nikaona ujinga, nikanyamaza kwa adabu.

Siku ya nne kamati ilikuja kunitembelea, na zambarau yao. Walikaa sebuleni wakanywa supu ya jogoo, yaani supu yangu, wakaimaliza, wakaisifia. Kisha mwenyekiti akataka kuona tumbo. Akaziona zile kanga, akacheka kwa pua. Alisema za kizamani hazishiki, akaenda mwenyewe kabatini, akauchukua mkanda mweusi na kunifunga juu ya kanga. Walipoondoka, mama mkwe hakukubali kushindwa na watoto wa mjini. Akachukua kipande kingine cha kanga akanifunga juu ya mkanda. Tangu siku hiyo niliishi hivyo, kanga, mkanda, kanga. Nilipumua kwa vipande. Watu hawa wasingekubaliana hata juu ya chumvi ya mboga, lakini juu ya tumbo langu waliungana.

Na aibu yangu ni hii: nilipenda. Wiki ya pili nilisimama mbele ya kioo, nikageuka ubavu, nikaona nimekuwa bapa. Dharau yangu yote ikaniacha pale pale. Nikajipiga picha, nikaituma kwenye kundi, zikamiminika kopa nyekundu na maneno ya hongera mama, umerudi. Nikayasoma mara mbili mbili huku nanyonyesha.

Wiki ya tatu upepo wa Dodoma ulianza kuleta vumbi lake, ule unaoingia hata dirisha likiwa limefungwa. Nikapiga chafya, na mkojo ukanitoka. Nikajiambia ni bahati mbaya. Kesho yake nikacheka kidogo tu, ukatoka. Nikainua ndoo nusu, ukatoka, na nikahisi kitu kizito kinaning'inia huko chini, kama kimechoka kukaa mahali pake. Nilikwenda chumbani kwa mtoto nikachukua pampasi yake, nikaikunja, nikaivaa. Nilichagua ile isiyovuja ubavuni. Aliyesoma hujua pa kupeleka elimu yake.

Niliogopa sana. Likizo ya uzazi ilikuwa inakwenda mbio, na kazi yangu ni ya kusimama mbele ya watu kwenye vikao na kueleza mambo. Nilijiona nimesimama pale, nimekohoa, na sketi imelowa, na dada wa masijala anatazama. Nilijiona nakataa safari, nakataa kumkimbilia mwanangu akianza kutembea. Nikafanya anachokifanya mtu mwenye akili zangu: nikadhani tumbo halijarudi vizuri ndiyo maana, nikaukaza mkanda tundu moja zaidi. Mambo yakazidi. Nikakaza jingine.

Nilimwambia mume wangu. Akasema, "Mwambie mama." Kumwambia sikuweza, lakini mama ndiye aliyekuwa anafua. Siku moja akaja na kanga yangu mkononi, akaketi kando ya kitanda, akasema polepole, "Hayo ya kawaida, mwanangu. Yanatupata. Utazoea."

Utazoea. Dawa hiyo tumenyweshwa nchi nzima. Maji hayatoki, utazoea. Bosi anatukana, utazoea. Unajikojolea ukiwa na miaka ishirini na tisa, utazoea. Nikamjibu kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia kwa mzazi. "Mama, mimi sitazoea. Wanaozoea ni wanaokubali kila kitu." Alitoka nje akaendelea kuchambua mlenda, na jioni akanichemshia maji kama kawaida. Nilijiona nimeshinda.

Wiki ya sita tulikwenda kliniki, mimi na mama mkwe, mtoto kifuani kwake. Mtoto alipimwa uzito, akapimwa urefu, akachomwa chanjo, akaandikwa kwenye kadi, nukta ya uzito ikapanda, akasifiwa. Kisha kila mama aliyefika mezani aliulizwa, "Wewe una tatizo?" na muuguzi alikuwa tayari ameshika kadi inayofuata. Kila mama alisema hapana. Niliwasikiliza wote waliotangulia foleni, hapana, hapana, hapana, wengine wamekalia pembe moja ya makalio, mmoja ameng'ata ushungi alipokuwa anainuka. Benchi zima la waongo. Na mimi nilikuwa na hapana yangu mdomoni, nimeitayarisha tangu nyumbani.

Zamu yangu ikafika. Wakati nainuka pampasi ilikuwa imeshajaa, ikanishuka kidogo, na uvumilivu ukaniishia. "Ninalo," nikasema. "Mkojo unanitoka, siwezi kuuzuia." Nilisema kwa sauti ya vikaoni, ile ninayojua kuitumia. Muuguzi akaweka kadi chini, akanitazama kwa mara ya kwanza, akanipeleka nyuma ya pazia.

Akaanza kunifungua. Kanga. Mkanda. Kanga nyingine. Ngozi ilikuwa imechorwa mistari ya rangi ya zambarau; kamati ingefurahi. "Nani amekufunga hivi?" akauliza. Mama mkwe alikuwa amesimama upande wa pili wa pazia na mtoto. "Ni mimi," akasema. Muuguzi akachungulia, akaona mtu mzima, akampa shikamoo yake kwanza. Kisha akamuuliza, "Mama, ukilibana gunia katikati, unga unakwenda wapi?"

"Unashuka," mama mkwe akasema.

"Basi."

Alinipima, akaniambia misuli ya chini, ile inayobeba kibofu na kizazi, imelegezwa na kuzaa, na mimi kwa wiki sita nimekuwa nikiikandamizia mzigo kutoka juu. Mkanda ule nivue. Ndoo nisiinue. Angeniandikia nikaonane na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na kuanzia siku ile ile nifanye zoezi: nibane kama ninayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, nihesabu hadi tano, niachie, nipumzike, nirudie, mara tatu kwa siku. Akasema wengi hupata nafuu wasipokata tamaa mapema, na miezi mitatu ikipita bila nafuu nirudi, nisikae nyumbani naona haya. Nikabana pale pale kitandani. Hakukuwa na cha kubana, ni kama kumwita mtu asiyekuwepo nyumbani. Nikalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni: kwamba kitu chenyewe ni hiki, cha dakika tano, kisichohitaji sare wala ukumbi, na hakuna mwanamke hata mmoja kati ya wale wote aliyenipa.

Nilikuwa navaa, namtungia mama mkwe maneno ya kumwambia kwenye bajaji. Nilikuwa nayo mengi. Nilitaka ajue alichonifanyia.

Ndipo nikamsikia anamuuliza muuguzi, kwa sauti ya chini sana, "Na mtu mzima, anayaweza hayo mazoezi?"

"Anayaweza. Mtu mzima gani?"

"Na kama amekaa na shida hiyo muda mrefu?"

"Muda gani, mama?"

Pazia lilikuwa limeachwa wazi kidogo nikamwona. Alikuwa ameinamisha kichwa, anamtazama mtoto usoni, anahesabu. Hakuhesabu kwa miaka.

"Tangu nilipomzaa baba yake huyu," akasema.

Mume wangu ana miaka thelathini na sita. Muuguzi alimchukua mtoto akanikabidhi mimi, akamshika mama mkwe mkono, akamwambia avue viatu, apande kitandani.